Mama, Kabla ya Kuteremka Kitonga

Mama mpendwa, siku hizi wengi wetu tunaendesha wenyewe kwenda kazini, sokoni na kanisani. Lakini barabara zetu ni za milima: Kitonga kule Iringa, Iwambi hapa Mbeya. Mlimani breki ndiyo uhai.

Asubuhi, kabla injini haijapata moto, pima oili, maji ya rejeta na mafuta ya breki. Mafuta ya breki yakipungua, usiongeze tu ukaondoka. Huenda pedi zimekwisha au yanavuja mahali. Mwone fundi. Kagua tairi, hata la akiba.

Ukiteremka, weka gia ndogo tangu juu. Ukikanyaga breki mfululizo zitapata moto, na zikipata moto hazishiki.

Rejeta ikichemka, usifungue kifuniko mpaka ipoe; maji yale huruka usoni. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya bomba kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe hospitali.

Mtoto asipakatwe kiti cha mbele. Gari likigonga, mikono ya mama haiwezi kumzuia. Akae nyuma, kwenye kiti cha mtoto, au afungwe mkanda akiwa mkubwa.

Tuombe kabla ya safari, na tukague pia. Uhai tuliopewa na Mungu tumeagizwa kuutunza.