Kuku Uliowanunua Mnadani Wakiumwa: Namna ya Kuwaokoa Waliobaki Nyumbani

Ndugu mfugaji, umetoka mnadani na tenga lenye matetea 5. Siku ya tatu mmoja amejikunyata pembeni, mbawa zimeshuka, kinyesi chake ni cha kijani. Usiku anakufa. Nyumbani una kuku wengine 20. Hao ndio madaftari ya watoto, ndio nauli ya zahanati, ndio kitoweo cha mgeni bila kugusa mbuzi. Utakachofanya asubuhi hiyo ndicho kitakachoamua kama utapoteza 5 au 25.

Kwa nini kuku wa kununua huleta ugonjwa

Mnadani kuku wa kaya nyingi hukaa tenga moja na kunywa kopo moja. Sisi wa Mtumba tuko kwenye barabara kuu ya Dodoma na Dar es Salaam, njia wanayopita kuku wa kienyeji kutoka Singida. Ugonjwa husafiri nao.

Kuku aliyeambukizwa kideri (mdondo) anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa, mara nyingi 5 au 6, na wakati mwingine hadi wiki 2 au zaidi. Kwa hiyo hata ukichagua vizuri, unaweza kununua mgonjwa. Tena kideri kikiingia kijijini, wapo wanaokimbilia kuuza kabla hawajafa. Bei ikishuka ghafla, hasa kiangazi, jiulize kwanza.

Dalili za kutazama

- Kideri: kuzubaa, kuhema mdomo wazi, kuhara kijani, shingo kupinda, miguu kupooza. Kuku wengi hufa ndani ya siku chache, wakubwa kwa wadogo.
- Ndui ya kuku: vipele na magamba kwenye upanga, ndevu na kuzunguka macho.
- Mafua ya kuku: uso kuvimba, pua na macho kutoa ute wenye harufu mbaya.
- Kuhara damu: huwapata zaidi vifaranga, manyoya husimama na kinyesi huwa na damu.
- Homa ya matumbo: upanga hupauka, kinyesi huwa cha njano au kijani, na vifo huja kidogo kidogo.

Dalili hizi hufanana. Usijipe uhakika kwa kutazama kinyesi peke yake.

Hatua za siku ya kwanza

1. Watenge wote ulionunua, si yule mgonjwa tu. Waliotoka tenga moja wahesabu wote kuwa wameambukizwa. Waweke mbali na banda la zamani, wawe na chombo chao cha maji na cha chakula.

2. Wazima wahudumiwe kwanza, wagonjwa mwisho. Kinyesi hushika kwenye kandambili, jembe na mikono. Mtu mmoja awahudumie wagonjwa, kisha anawe kwa sabuni na kuosha viatu. Watoto wasiingie huko. Kideri kinaweza kumfanya mtu awe na macho mekundu na yanayouma, hivyo usijishike usoni kabla ya kunawa.

3. Mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Mweleze ulinunua lini na wapi, wangapi wameumwa, wangapi wamekufa. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inataka magonjwa ya kuambukiza yatolewe taarifa. Kuku wengi wakifa kwa ghafla, usisubiri hata jioni.

4. Mzoga uzike kwenye shimo refu au uchome moto. Usiutupe korongoni, usiwape mbwa, wala usimchinje anayekata roho ili "asipotee bure". Manyoya, matumbo na maji ya kunyonyolea ndiyo yanayosambaza ugonjwa uani.

5. Usiwarudishe mnadani. Utapata fedha kidogo leo, na ugonjwa utaingia kwa jirani, kisha urudi kwako.

Kuhusu dawa

Wengi wetu tuna chupa ya OTC ya ng'ombe nyumbani, na mkono hukimbilia huko. Kideri husababishwa na virusi. OTC haiui virusi. Shubiri, pilipili na mwarobaini navyo haviponyi kideri. Mafua, homa ya matumbo na kuhara damu vina dawa, lakini kila kimoja na yake, kwa kipimo cha kuku. Mwache mtaalamu aseme ni ipi. Akikupa dawa, muulize ni siku ngapi msile nyama wala mayai ya kuku hao.

Kuku aliyepona mafua au homa ya matumbo anaweza kuendelea kubeba vijidudu. Homa ya matumbo hupita hata kwenye mayai. Usimfanye mbegu.

Kuhusu chanjo

Chanjo hukinga, haiponyi. Kuku aliyekwisha kuambukizwa anaweza kufa hata akichanjwa, na hapo watu husema chanjo imeua. Chanja wazima, kwa ushauri wa afisa mifugo.

Chanjo ya kideri inayostahimili joto, TEMEVAC, inatengenezwa hapa nchini Kibaha. Ni tone 1 kwenye jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kustahimili joto si kustahimili jua: ibebe kivulini, imefungwa kwa kitambaa kibichi. Kinga huchukua wiki 1 hadi 2 kujengeka. Kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi, changeni majirani mchanje siku moja.

Baada ya ugonjwa kupita

Ondoa kinyesi na matandazo yote, yachome. Osha banda kwa sabuni, nyunyiza dawa ya kuulia vijidudu, liache wazi lipigwe na jua. Kaa angalau wiki 3 kabla ya kuingiza kuku wapya.

Ukinunua tena, nunua kwa mtu unayemjua aliyechanja. Mgeni akae peke yake wiki 2, ikiwezekana 3, mpe chanjo akiwa mzima, ndipo umchanganye na wenzake. Huna banda la pili? Tenga lililofunikwa wavu, chini ya mti mbali na banda, linatosha, mradi usiku limo mahali salama dhidi ya vicheche.

Ng'ombe mgeni hatumwingizi zizini bila kumkagua. Kuku naye apewe heshima hiyo hiyo.