Saa ya kompyuta kuukuu katika baridi ya Ufipa

Shule zikifunguliwa Julai, kompyuta ya mezani iliyozimwa ukutani likizo nzima huwaka ikidai leo ni Januari mosi ya mwaka ambao wanafunzi wake walikuwa hawajazaliwa. Mwenye haraka hubofya aendelee na kazi. Madhara huja baadaye: orodha ya alama aliyohifadhi asubuhi hiyo hupata tarehe ya kale, huzama chini ya mafaili ya zamani, na anayetafuta nakala ya mwisho hufungua nyingine. Akiingia kwenye intaneti nako, kivinjari hugoma. Vyeti vya usalama vya tovuti vina siku ya kuanza na ya kuisha, na kwa kompyuta hiyo cheti cha leo bado hakijaanza kutumika.

Kisa mara nyingi ni betri. Fungua kasha utaiona kwenye ubao mkuu: ya duara, upana milimita 20, volti 3, imeandikwa CR2032. Ndiyo inayoendesha saa umeme usipokuwepo. Kompyuta iliyochomekwa, hata ikiwa imezimwa, saa yake hutumia umeme wa ukutani. Sisi huku juu tunazima swichi kila jioni kwa kuhofia radi, na tunafanya vyema, ila betri ndiyo inayobeba usiku wote na likizo zote. Baada ya miaka kadhaa inachoka. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache: chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha, sukuma kibanio cha pembeni, nayo inachomoka. Mpya inakaa alama ya kujumlisha ikitazama juu.

Na baridi yetu je? Ina sehemu yake, ila ndogo. Saa hiyo huhesabu mitetemo ya kipande cha fuwele, 32,768 kwa sekunde, na fuwele hiyo hutengenezwa iwe sahihi zaidi kwenye nyuzi 25. Joto likizidi au likipungua, inachelewa. Chumba kikibaki kwenye nyuzi 10, kama usiku wa Juni hapa Sumbawanga, hasara ni kama sekunde 20 kwa mwezi. Fuwele za bei nafuu hukosea zaidi ya hivyo hata mahali penye joto.

Makosa madogo ya namna hiyo huondolewa na mtandao. Utaratibu wake, NTP, ulibuniwa na Mmarekani David Mills na kuchapishwa mwaka 1985. Kompyuta huuliza seva saa ngapi, hupima muda wa swali kwenda na jibu kurudi, kisha hukadiria safari ya upande mmoja kuwa nusu yake. Ndiyo maana hata modemu ya kijijini Laela, yenye mtandao wa kusuasua, inaweza kuleta saa nzuri.

Lakini Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, haikubali kujirekebisha ikiwa tofauti inazidi saa 15. Hapa watu wengi hukata tamaa wakidhani mashine imekufa. Weka kwanza tarehe na mwaka kwa mkono, kisha iache ijisawazishe.

Jihadhari pia na mpaka. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikinasa mnara wa ng'ambo pale Kasesya inaweza kurudi nyuma saa nzima. Ukirekebisha kompyuta kwa kuitazama simu hiyo, umeipa kosa jipya. Kwenye orodha ya majira ya Windows chagua Nairobi, ambayo ni saa yetu pia.

Nawaomba wakuu wa shule na watendaji wa kata: kabla ya kufunga Desemba, nunueni betri, muandike tarehe ya kuibadilisha kwa kalamu ya wino mzito juu ya kasha. Kumbukumbu za wananchi zinastahili tarehe ya kweli.