Pikapu Iliyoliwa na Kutu: Itengenezwe au Iuzwe?

Katika maswali ambayo fundi wa magari wa mtaa wa Chaani, Mombasa, huulizwa mara kwa mara, hapana linaloulizwa kwa wasiwasi mwingi na kujibiwa kwa pupa kubwa kama swali la mwenye pikapu kuukuu, ambaye gari lake limemlisha na kuwasomesha wanawe, nalo sasa limetoboka madigadi, limevimba rangi chini ya milango, na huangusha vumbi jekundu kila mlango unapofungwa: je, alitengeneze au aliuze? Wenzake barazani humpa jibu kabla hajamaliza kuuliza. Mmoja humwambia kwamba chuma cha zamani hakina mfano siku hizi, mwingine humhimiza auze leo kabla ya kesho, na wote wawili huwa wanalizungumzia gari ambalo hawajapata kulitazama chini. Ninaloshikilia katika makala haya ni kwamba hukumu ya jambo hili imo katika chesisi, na kwamba ikishajulikana hali ya chesisi, hesabu iliyobaki ni fupi na haihitaji mashauri ya baraza zima.

Inafaa kwanza tumjue adui tunayeshindana naye. Chuma hakikutoka ardhini kikiwa safi. Kilitolewa katika mawe ambayo ndani yake kilikuwa kimeungana na oksijeni, kikayeyushwa kwa moto mkali hata kikaachana nayo, na tangu siku hiyo hakiachi kutafuta njia ya kurejea kulikokuwa asili yake. Njia hiyo hupatikana pale yanapokutana maji na hewa. Maji matupu huifanya kazi hiyo polepole. Maji yenye chumvi huiharakisha, kwanza kwa kuwa chumvi hurahisisha kupita kwa ule umeme mdogo ambao ndio hasa unaokila chuma, na pili kwa sababu ambayo wengi hawaidhanii: chembe ya chumvi iliyonata kwenye bati huvuta unyevu wa hewa, na unyevu huo ukifika asilimia 75 hivi, chembe hugeuka kuwa tone la maji ijapokuwa mvua haijanyesha kwa mwezi mzima. Mombasa, aghalabu ya usiku wa mwaka, hupita kiwango hicho. Basi pikapu inayolala nje hapa Chaani, ambapo upepo wa kusi huja ukiwa umekwisha kupita juu ya maji ya Port Reitz, hulala imeloa hata kama mwenyewe aliiacha kavu, na huamka imeloa vile vile, nalo jua halifiki chini ya tumbo lake.

Ziko kazi zinazoyazidisha madhara hayo. Pikapu ya samaki ndiyo inayodhulumika kupita zote, kwani barafu ikiyeyuka, maji yake huteremka pamoja na chumvi kupitia maungio ya bodi ya nyuma, yakatona juu ya chesisi pale pale inapopinda kuivuka ekseli, mahali ambapo matope hukusanyika na hayakauki. Hata kuosha gari, jambo ambalo kila mtu hulihesabu kuwa ni hifadhi, huweza kuwa ni madhara. Maji matamu ya bomba, yatokayo chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, hayatufikii kila siku, na waoshaji magari wengi hutegemea visima vya mtaani ambavyo maji yake yana chumvi inayotambulika kwa ulimi. Kwa hiyo mtu anayelipa kila Jumamosi gari lake limwagiwe maji hayo chini kwa mpira wenye nguvu, analipa ili chumvi ipelekwe mahali ambapo hata upepo usingeifikisha. Ni kheri kuliosha mara chache kwa maji ya mvua yaliyokingwa masika kuliko mara nyingi kwa maji ya kisima.

Sasa tuje kwenye chesisi yenyewe. Pikapu nyingi zinazotumika huku kwetu, Toyota Hilux na Isuzu zikiwa mbele, zimejengwa juu ya vyuma viwili virefu vinavyokwenda sambamba toka mbele hata nyuma, vikiunganishwa na vyuma vingine vinavyokingama. Juu yake hukaa kebini, injini na bodi ya mizigo, na chini yake hushikwa springi. Chesisi kwa gari ni kama mkuku kwa jahazi: mbao za ubavuni hubadilishwa, tanga hushonwa upya, lakini mkuku ukioza, chombo hakina tena cha kujengewa juu yake. Ajabu ni kwamba mwenye gari, akija kwa fundi, hufungua boneti kwanza. “Fundi, hebu isikize inavyolia, injini haina taabu.” Fundi aliye mwaminifu humjibu, “Mzee wangu, injini tutaisikiza baadaye, tuanzeni chini.”

Kuanza chini kuna adabu yake. Gari liinuliwe mchana kweupe, likae juu ya stendi madhubuti wala si juu ya jeki peke yake, kisha matope yote yakwanguliwe, kwa kuwa hapana uchunguzi juu ya matope. Nyundo ndogo na bisibisi kuukuu vyatosha. Gonga chesisi kidogo kidogo toka nyuma ya magurudumu ya mbele hata mwisho wake, na masikio yawe kazini: chuma kizima hulia kwa sauti kali inayodumu, na kilicholika hujibu kwa mlio mfupi uliofifia, kikaangusha magamba. Magamba yenyewe yasimtishe mtu upesi, maana kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma ilichokila, na gamba la milimita tatu huenda limetokana na milimita moja tu ya chuma. Linalotisha ni bisibisi kuzama. Ikizama mahali springi zinaposhikwa, au pale chesisi inapoivuka ekseli ya nyuma, au mahali boksi la usukani lilipofungwa kwa bolti, hapo mazungumzo ya kutengeneza yamekwisha au yamekaribia mno kwisha. Paipu za breki nazo zipanguswe kwa kitambaa na zitazamwe kwa urefu wake wote, kwani hupita ubavuni mwa chesisi hiyo hiyo, nazo hulika kimya kimya mpaka siku ambapo mguu unakanyaga na gari halisimami.

Asiyesadiki kwamba jambo hili ni zito na atazame yaliyotokea Marekani, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha theluji. Mwaka 2008 kampuni ya Toyota, baada ya kudhihirika kwamba chesisi za pikapu zake za Tacoma zilizoundwa kati ya mwaka 1995 na 2000 zinatoboka kwa kutu, iliongeza dhamana ya chesisi hizo ikawa miaka 15, na magari yaliyolika vibaya ikayanunua tena kwa mara moja na nusu ya thamani yake. Waliolitengeneza gari lenyewe, wenye kila chombo na kila mtaalamu, waliona ni nafuu kulinunua kuliko kulitia viraka. Seuze fundi wa kando ya barabara ya Magongo mwenye mashine moja ya kuchomelea?

Simaanishi kwamba kila tundu ni mauti. Madigadi, sakafu ya kebini, milango na bodi ya nyuma ni vitu vya kuvuliwa na kubadilishwa, na mafundi wetu wa kunyoosha bodi ni hodari wa kazi hiyo. Hata chesisi yenyewe, ikiwa imelika mahali pamoja palipo mbali na springi na usukani, hutengenezeka, kwa sharti kwamba sehemu mbovu ikatwe mpaka kifikiwe chuma kizima, kiraka kiwe cha chuma chenye unene ule ule, na ndani kupakwe dawa ya kutu kabla ya rangi. Kiraka kinachopachikwa juu ya kutu ni ghashi iliyochomelewa, kwani baina ya bati jipya na kuukuu hubaki mwanya wa maji, na mwaka haupiti ila kutu imechomoza kandokando ya kiraka. Na juu ya puti na rangi mpya iliyopigwa juu ya magamba sina la kusema isipokuwa kwamba ni fedha zilizotupwa na mwenye gari, au ni mtego uliotegewa mnunuzi.

Baada ya chuma huja hesabu, nayo hukosewa na watu wenye akili timamu kwa sababu huisahau nusu yake. Tuseme pikapu, kama ilivyo leo na kutu yake, yapata mnunuzi wa shilingi 180,000, na kazi ya kuitengeneza sawasawa ni shilingi 150,000. Mwenyewe husema, “Kwa laki moja na nusu nitapata gari zima,” ilhali gharama ya kweli ni 330,000, kwa kuwa ile 180,000 aliyoikataa leo nayo ameitia ndani. Ikiwa baada ya kutengenezwa itauzika kwa 280,000 tu, basi aliyetengeneza ili auze amepata hasara ya 50,000 kwa taabu yake. Lakini aliyetengeneza ili afanye kazi hesabu yake ni nyingine: gari likimtumikia miaka mitatu na mwisho wake likauzwa kwa 150,000, limemgharimu 180,000 kwa miezi 36, yaani shilingi 5,000 kila mwezi, kabla ya mafuta na matengenezo ya kawaida, na ni pikapu chache za kukodi zitakazomfanyia kazi kwa ujira huo. Fedha aliyokwisha kuitumia mwaka jana kwa klachi na matairi isiingie katika hesabu hii hata kidogo, maana imekwisha kwenda, na hairejeshwi kwa kuifuata na nyingine. Wala jina la gari lisiingie. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, nayo ikaendelea kuunganishwa nchini Kenya hadi mwaka 2004, na mapenzi ya wazee kwayo yana haki yake. Ila kutu haisomi historia.

Mwenye kukusudia kuuza ili anunue nyingine na atahadhari pia. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika nje lenye umri wa kupita miaka 8, na ushuru wake ni mzito, jambo linalozipa pikapu kuukuu zilizomo nchini bei kubwa kuliko ambavyo zingestahili kwa hali yake. Na magari yale yashushwayo bandarini Kilindini kutoka Japani, yenye kung’aa kwa juu, mengine yametoka mikoa ya theluji ya kaskazini ambako barabara humwagwa chumvi kama Marekani. Kwa hiyo nyundo na bisibisi zitumike huko pia kabla ya kutoa hata shilingi.

Ikiwa uamuzi ni kuuza, tazama kwanza nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, uilinganishe na kitabu cha gari. Kutu ikiwa imeifuta hata haisomeki, au fundi akiwa amekata kipande kilichokuwa na nambari hiyo, uhamisho utaingia mushkili, na ni bora mwenye gari aitatue taabu hiyo mwenyewe kwa Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani kabla dalali hajaleta mtu. Gari ambalo chesisi yake imekwisha liuzwe kwa vipande: injini, gia, ekseli na springi zina wateja wake, na kilichobaki ni chuma cha kuyeyushwa. Biashara ya vyuma vikuukuu ilipigwa marufuku Januari 2022 kwa sababu ya kuhujumiwa kwa nguzo za umeme, ikafunguliwa tena mwaka uo huo kwa sharti la leseni. Basi uza kwa mwenye leseni, na uchukue risiti.

Lakini ukiliuza likiwa zima, mwonyeshe mnunuzi kila ila uliyoiona kwa nyundo yako, mahali kwa mahali, kabla hamjatajiana bei, kwa kuwa atakayeketi katika kebini hiyo pamoja na wanawe ni binadamu mwenzio. Na uhamisho wa jina ukamilishwe siku ile ile ya malipo, usiahirishwe kwa ahadi. Kwani chini ya Sheria ya Trafiki, mtu ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyewe, hadi ithibitishwe vinginevyo.