BASIC, lugha ya kompyuta kwa wanaoanza

BASIC ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyobuniwa katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, na walimu wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz. Programu zake za kwanza ziliendeshwa alfajiri ya Mei 1, 1964. Enzi hizo mwenye programu aliitoboa kwenye kadi, akawakabidhi wahudumu wa mashine, kisha akasubiri saa nyingi, pengine hadi kesho yake. Herufi moja ikikosewa, kazi yote ilirudi bila jibu. Ni wachache tu waliovumilia kujifunza kwa namna hiyo.

Kemeny na Kurtz walitaka hata wanafunzi wa historia na fasihi waitumie kompyuta. Walirahisisha lugha, tena wakaunganisha taipureta kadhaa na kompyuta moja iliyowahudumia watumiaji kwa zamu fupi mno, kila mmoja akajiona yuko peke yake.

Programu iliandikwa kwa mistari yenye namba:

10 LET X = 7
20 PRINT X * X
30 END

Mstari wa kwanza unaipa X thamani ya 7, wa pili unaagiza zao la X kwa X lichapwe, na wa tatu unafunga programu. Kuiandika peke yake hakuleti jibu. Kompyuta inaihifadhi tu. Mwanafunzi akipiga RUN, ndipo programu nzima inapogeuzwa kuwa lugha ya mashine na kutekelezwa kwa mfuatano wa namba, na 49 inachapwa. Namba ziliachiana kumi kumi kwa makusudi: mstari wa 15 ukiandikwa mwisho kabisa, unajipanga wenyewe baada ya ule wa 10. Kusahihisha nako kulikuwa kuandika upya mstari kwa namba ileile. Wa zamani ulifutika.

Anayeandika PRIMT badala ya PRINT huelezwa kosa lake mara tu anapopiga RUN. Kosa gumu ni la mantiki: aliyeandika X + X atapewa 14, na mashine haitalalamika, kwa sababu imetii ilichoagizwa. Hapo mwanafunzi hulazimika kuikagua fikra yake mwenyewe, na hilo ndilo somo kubwa zaidi katika kazi hii.

Tofauti na BASIC hiyo, Python, lugha nyingine ya programu iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, haihitaji namba za mistari. Anayeanza huandika 7 * 7 mbele ya alama >>>, akabonyeza Enter, na jibu likatokea papo hapo.