Imani na Maisha ya Kila Siku katika Misheni ya Rabai

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, yaani chama cha wamisionari wa Kanisa Anglikana la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844, na baada ya muda mfupi homa ilimuua mkewe, Rosine, kisha binti yao mchanga naye akafariki. Msiba huo haukumrudisha Ulaya. Mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Kiislamu wa mji huo, ushirikiano unaostahili heshima kubwa kuliko unayopewa katika historia nyingi za kanisa.

Mwaka 1846 mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, alijiunga na Krapf, wakahamia Rabai, kwenye vilima vya Wamijikenda, ambako siku zao zilijaa ujenzi, kuorodhesha maneno, kuugua na kuwatembelea wenyeji waliowasikiliza kwa adabu lakini wachache mno wakabatizwa. Rebmann anakumbukwa kwa kuuona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, ingawa ushahidi mkubwa zaidi wa imani yake ni kwamba alibaki Afrika Mashariki hadi mwaka 1875, alipoondoka macho yake yakiwa karibu kupofuka kabisa.