Tovuti ya Bure ni Shamba la Kuazima: Yaliyompata Muuza Miche wa Rungwe

Leo naacha kidogo habari za kantangaze na ukungu wa viazi. Nataka tuongee kuhusu zile tovuti za bure ambazo wengi wenu mmezifungua kutangaza miche, mbegu za viazi, vifaranga na asali. Nimeahirisha mada hii muda mrefu kwa sababu niliona ni mambo ya vijana wa kompyuta, sio ya bwana shamba. Msimu uliopita ndio ulionibadilisha mawazo.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zimeshaanza kudondoka. Nikapigiwa simu na kijana mwenye kitalu cha parachichi aina ya Hass kule Rungwe. Namfahamu tangu anaanza na viriba mia mbili nyuma ya nyumba ya wazazi wake.

"Bwana shamba, shikamoo. Kuna mama amefika hapa na pikapu kutoka Mafinga, anadai miche yake. Mimi simjui, na hela yake sijaiona."

Nilimwambia amkaribishe kwanza akae, amsikilize. Jioni nilipofika, mama alikuwa bado yupo kwenye benchi, kikombe cha chai kimepoa pembeni. Ana ekari mbili. Mashimo ameshachimba, nafasi ya mita saba kwa saba, udongo wa juu kachanganya na samadi kama tunavyoelekeza. Mwanaye alimtafutia miche kwenye simu, wakaukuta ukurasa wa kitalu hiki: picha nzuri, maelezo ya namna ya kufika, mpaka picha ya cheti cha TOSCI ipo. Wakapiga namba iliyoandikwa. Mtu akapokea vizuri kabisa, akasema miche ipo, bei ni 4,000. Miche 160, jumla 640,000. Akaomba nusu ili "aiweke pembeni". Mama akatuma 320,000, wakapanga siku, akakodi gari. Mafinga, Makambako, Uyole, mpaka Tukuyu. Alipokaribia akapiga simu: haipatikani. Akafuata maelezo ya ukurasani, yakamfikisha kwenye kitalu halali, kwa mtu halali, ambaye hajui lolote.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Ile namba ilikuwa ya kijana mwenyewe, lakini ya zamani. Simu ilipotea, laini akaiacha bila kuirudisha, akasajili nyingine. Laini isipotumika muda mrefu hufungwa, na namba hiyo baadaye inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine kabisa. Ndicho kilichotokea. Nadhani yule mwenye namba mpya mwanzoni alikuwa anawaambia watu "umekosea namba". Kila wiki anaulizwa miche, kila wiki anajibu hivyo hivyo. Baadaye akaona fursa.

Utauliza, kwa nini kijana hakubadilisha namba kwenye tovuti? Alijaribu. Ukurasa ule alifunguliwa bure miaka mitatu nyuma na rafiki yake waliyesoma naye chuo, kwa barua pepe ya huyo rafiki. Rafiki akahamia Dar, pasiwedi kaisahau, na ile barua pepe yenyewe haifunguki kwa sababu nayo iliunganishwa na laini iliyokufa. Kijana akaiandikia kampuni yenye tovuti mara nne. Mara zote alijibiwa na mashine: asante kwa kuwasiliana nasi, soma maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Hamna ofisi wala namba ya simu ya kuongea na binadamu. Duka la pembejeo likikuuzia mbegu mbovu, unajua pa kwenda kugonga meza. Huku kaunta hakuna, maana hujalipa kitu na wala hawakudai.

Hii ndiyo hasara ya kwanza ya vitu vya bure, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Watu wengi wakizungumzia tovuti ya bure wanalalamika kuhusu matangazo au muonekano. Hayo yapo na nitayafikia. Lakini kubwa ni kwamba kitu chenye jina lako, picha zako na cheti chako kinaweza kuendelea kuongea na wateja wako, na wewe huwezi kukinyamazisha.

Shamba sio lako

Ninyi mnajua taratibu za shamba la kuazima kuliko mimi. Ukipewa eka ya jirani ulime bure, unapanda maharage, unapanda viazi, unavuna, unashukuru. Hupandi parachichi. Mche wa kubebeshwa unakula miaka mitatu hivi kabla hujaona mavuno ya maana, na mwenye shamba anaweza kuja mwaka wa pili akasema mwanangu ameoa, nahitaji eneo langu. Huna pa kulalamika.

Jina la biashara ni parachichi, sio maharage. Linachukua miaka mpaka mnunuzi wa Iringa mjini au wa Dar alikariri na kumtumia mwenzake linki. Ukiliotesha kwenye anwani ya mtu mwingine, siku akilitaka eneo lake unang'oa mti mzima.

Wala hii sio hadithi ya kutishana. Google walikuwa na huduma ya kumtengenezea mfanyabiashara mdogo tovuti ya bure kutokana na taarifa zake za kwenye ramani, anwani ikiishia na business.site. Ilikuwa rahisi sana, unaitengeneza kwa simu dakika kumi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 walitangaza wanaifunga. Mwezi Machi zikazimwa. Aliyefungua anwani ya zamani akawa anapelekwa kwenye taarifa za biashara husika za Google, na hilo nalo likawa na mwisho: tarehe 10 Juni 2024. Baada ya hapo, kadi ulizochapisha na stika uliyobandika kwenye gari zinaelekeza mahali ambapo hapapo tena.

Kabla yao kulikuwa na GeoCities. Yahoo waliinunua mwaka 1999 kwa mabilioni ya dola, mamilioni ya watu wakiwa na kurasa zao za bure humo. Oktoba 2009 wakaifunga. Kama kampuni inaweza kununua kitu kwa bei hiyo na kukifunga baada ya miaka kumi, ukurasa wako wa vifaranga vya Kuroiler hautawakosesha usingizi.

Kuna pia majina ya bure, yale yaliyokuwa yanaishia .tk, .ml au .ga. Mafundi wengi waliwafungulia watu tovuti kwa majina hayo, halafu wakawatoza hela ya "usajili". Kampuni ya Freenom ndiyo iliyokuwa inayagawa. Matapeli wakayapenda kwa sababu ni bure, mpaka wamiliki wa Facebook wakaipeleka kampuni hiyo mahakamani. Mwaka 2023 ikaacha kusajili majina mapya. Mwaka huo huo nchi ya Gabon ikachukua tena usimamizi wa .ga yake na mamilioni ya majina yakafutwa kwa mpigo. Februari 2024 Freenom wakatangaza kujitoa kabisa kwenye biashara ya majina. Aliyekuwa muaminifu na aliyekuwa tapeli walifungashiwa virago pamoja.

Mambo madogo yanayokula faida

Matangazo. WordPress.com kwa mpango wa bure wanaweza kuweka matangazo kwenye kurasa zako na hela yake huioni. Wix nao kwa mpango wa bure wanaweka bango lao juu, na anwani inakuwa ndefu yenye jina lao ndani yake. Nimewahi kufungua ukurasa wa dada mmoja anayeuza vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, katikati ya picha za vitunguu kuna tangazo la kubashiri mechi. Mnunuzi wa tani kumi akiona hivyo anajiuliza maswali. Tangazo la mshindani wako nalo linaweza kukaa hapo hapo, na huna la kufanya.

Kuhama. Hili huwa halisemwi siku ya kufungua. WordPress.com na Blogger zinakuruhusu kupakua maandishi yako ukayapeleka kwingine. Wix hawaruhusu kuihamisha tovuti nzima kwenda kwa mhifadhi mwingine, unaanza upya.

Kukaa kimya. Sisi wakulima tuna msimu. Mtu anaweza kuuza miche Novemba hadi Januari, halafu akasahau tovuti mpaka mwaka unaofuata, na mwaka huo akaugua au akabadilisha zao. Google walitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti isiyotumika kabisa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, na utekelezaji ukaanza Desemba mwaka huo. Kama picha zako zote za shamba zipo kwenye akaunti uliyofungua siku moja na kuiacha, ingia leo.

Na wewe unayesema "mimi situmii tovuti, natumia WhatsApp na Facebook tu", mambo ni yale yale. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vyote vilizima karibu saa sita dunia nzima. Saa sita kwa muuza nyanya wa Ilula ambaye gari limeshapakia na dalali wa Dar hapatikani sio muda mdogo. Simsemi vibaya WhatsApp, mimi mwenyewe naishi humo. Ninachosema ni kwamba namba za wateja wako ziwe pia kwenye daftari. Daftari la kaunta buku, kalamu ya bluu, halihitaji bando.

Sasa ufanye nini

Sisemi uache vitu vya bure. Kijana mwenye eka moja na mkopo wa halmashauri mgongoni akiambiwa alipie tovuti ya laki tano ataniona nimechanganyikiwa. Maharage kwenye shamba la kuazima ni kilimo halali. Kinachotakiwa ni kununua kitu kimoja tu, yaani jina.

Jina linaloishia .co.tz linasajiliwa kwa wasajili walioidhinishwa na TCRA, na malipo yake kwa mwaka ni chini ya bei ya mfuko mmoja wa DAP. Ukishakuwa nalo unaweza kulielekeza kwenye ukurasa wa bure. Blogger inakubali jina lako bila kukutoza, Google Sites pia. Mteja anaandika jina lako, anaona ukurasa wako. Siku Google wakiamua kufunga, unalielekeza jina kwingine, na mteja hajui kama umehama. Kadi, stika na bango la barabarani vinabaki vilevile. Hapo umeazima shamba lakini mche uko kwenye kiriba, unaubeba unaondoka nao.

Ila jina lisajiliwe kwa jina lako wewe, barua pepe yako, namba yako ya sasa. Wengi wanaumia hapa. Fundi anakwambia "niachie mimi bosi", anasajili kwa jina lake, mwaka wa pili anakupandishia bei au hapokei simu. Mwambie akusajilie ukiwa umekaa naye, pasiwedi uiandike mwenyewe. Kama ni kikundi, barua pepe iwe ya kikundi, na watu wawili wawe na pasiwedi, mwenyekiti na katibu. Weka kwenye kalenda tarehe ya kulipia upya, maana jina lisipolipiwa linaondoka kama kiwanja kisicholipiwa.

Na namba ya simu: ukibadilisha laini, siku hiyo hiyo pitia kila mahali ulipoiandika. Laini ya biashara usiiache ife. Ukipoteza simu, nenda ukairudishe namba ile ile, hata kama ni usumbufu wa foleni.

Yule kijana nilimsindikiza polisi pamoja na mama, taarifa ikaandikwa. Usiku tulikaa tukapiga hesabu. Sikumshauri alipe, kwa sababu hela hakuila yeye. Lakini mwenyewe alisema, "Mama amekuja kwa jina langu." Akampa miche 80, thamani ya ile 320,000, na mama akalipia 80 iliyobaki. Ikapakiwa asubuhi, na mvua ikawakuta njiani. Nimeambiwa mingi imeshika, na mama ameagiza mingine ya mwaka huu, safari hii kwa namba aliyopewa mkononi.

Kijana ana jina lake la .co.tz sasa, na kwenye lango la kitalu amebandika karatasi yenye namba sahihi. Ule ukurasa wa zamani bado upo hewani. Jana usiku niliufungua kabla ya kuandika makala hii: picha zile zile, cheti kile kile, na namba ni ile ile.