Fuso moja katika soko la nchi nane

Kutoka Kamuli, wilayani Kyerwa, Kampala ni karibu kuliko Dodoma, na Kigali vilevile. Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana na Uganda na Rwanda. Kwa hiyo mtu wa huku anaponunua fuso yake ya kwanza, ya mtumba na mara nyingi kwa mkopo, safari ya nje ya nchi si ndoto ya mbali. Maharage, mahindi na ndizi vina wanunuzi ng'ambo ya mto Kagera, na ukivuka daraja la Murongo umeshafika Kikagati.

Soko nalo limezidi kutanuka. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini mwaka 1999 na nchi tatu. Rwanda na Burundi zikaingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia ikakamilisha uanachama wake Machi 2024. Umoja wa forodha umekuwapo tangu 2005, na soko la pamoja tangu 2010. Ukihesabu wateja tu, msafirishaji mdogo wa mkoa wa Kagera angepaswa kuwa miongoni mwa walioneemeka zaidi.

Kinachomkwamisha ni kusubiri. Dizeli hulipwa taslimu, posho ya dereva na utingo haingoji, na rejesho la mkopo lina tarehe yake. Nauli ya mzigo huweza kulipwa wiki kadhaa baada ya kushusha. Kampuni yenye malori hamsini ikikwamishiwa moja mpakani, mengine yanaendelea kuingiza fedha. Mwenye fuso moja akikwama, kampuni nzima imesimama.

Vituo vya mpakani vya huduma za pamoja vimesaidia kweli, na ni haki kusema hivyo. Cha Rusumo, mpakani na Rwanda, kilizinduliwa 2016 na cha Mutukula, mpakani na Uganda, 2017, na mzigo sasa hukaguliwa mahali pamoja, upande wa nchi unakoingia, badala ya kusimamishwa mara mbili. Hata hivyo, mteremko huo haumfikii kila mtu sawasawa. Jumuiya ina utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na cheti chake cha asili ya bidhaa hutolewa mpakani. Ni utaratibu mzuri kwa mama mwenye magunia machache. Sasa chukua fuso iliyobeba tani 10 za maharage: hata kilo ikiuzwa senti 30 tu za dola, mzigo ni dola 3,000. Mwenye mzigo anatakiwa tamko kamili na wakala wa forodha, kama anavyotakiwa mwenye kontena la vipuri kutoka Dar es Salaam. Gari ni dogo mno kumudu gharama za wakubwa, na mzigo wake ni mkubwa mno kupata nafuu ya wadogo.

Halafu kuna safari ya kurudi. Gari la Tanzania likishusha Kampala haliruhusiwi kubeba mzigo wa Kampala kwenda Mbarara, ingawa Mbarara iko njiani kurudi nyumbani. Linaruhusiwa kubeba mzigo unaovuka mpaka tu, na kuupata huo kunahitaji dalali, simu nyingi na siku za kukaa. Umoja wa Ulaya ulikutana na suala hilihili baada ya kupokea wanachama kumi kwa mpigo Mei 2004. Huko kanuni ya mwaka 2009 iliruhusu lori lililoleta mzigo kutoka nje kufanya safari tatu za ndani katika siku saba, na hata hivyo mabishano hayakwisha, kwa sababu wasafirishaji wa nchi za magharibi waliwaogopa Wapoland waliotoza nauli ndogo. Afrika Mashariki bado haijawa na ruhusa ya namna hiyo, na anayelipia pengo hilo ni anayerudi tupu.

Sheria nazo hugeuka ghafla. Septemba 2013 Rwanda ilipandisha tozo ya barabara kwa malori ya Tanzania kutoka dola 152 hadi dola 500, ikijibu kiasi ambacho malori yake yalitozwa Tanzania. Aprili 2020, wakati wa korona, ikaagiza madereva wa kigeni wakabidhi magari kwa madereva wengine mpakani. Maofisa wa nchi hizo mbili walikutana Rusumo katikati ya Mei kutafuta suluhu, lakini kwa wiki hizo mwenye ofisi na madereva Kigali alikuwa na pa kushika. Mwenye gari moja angemkabidhi nani usukani, na gari lenyewe ndilo dhamana ya mkopo?

Upande wa magharibi hali ni ngumu zaidi. Kongo ni soko kubwa, lakini Goma na Bukavu ziliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mapema mwaka 2025, na Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Msafirishaji wa Kyerwa anayepata mzigo wa Bujumbura hawezi tena kukatisha Rwanda. Inambidi ashuke hadi Kabanga, wilayani Ngara.

Yapo yanayowezekana bila kungoja vikao vya marais. Kiwango cha dola 2,000 kinaweza kupandishwa kwa mazao ya chakula, ili fuso moja ya maharage iingie ndani yake. Wamiliki wa Kamuli, Nkwenda na Kayanga wanaweza kufunga mikataba kwa pamoja, wakala mmoja akiwahudumia wote na gari linalokwama likifidiwa na mfuko wao. Kahawa hairuhusiwi kuvushwa kiholela, lakini kuisomba ndani ya nchi ni kazi halali na ya uhakika wakati wa msimu: chama kikuu cha ushirika cha Karagwe (KDCU) na vyama vya msingi vikiwapa wenyeji sehemu ya kazi hiyo kwa malipo ya ndani ya siku saba, fedha ya dizeli ya safari ya Mutukula ingepatikana bila kukopa tena.